Kiatu cha kupendeza, mguu usiolia

Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu ambacho watu wengi wanakificha chini ya benchi: miguu yetu.

Siku ya Jumapili tazameni njia ya kwenda kanisani, ama siku ya Idi njia ya msikitini. Mama amefunga kitenge chake kizuri, kilemba kimesimama, na chini amevaa viatu vya taloni vyenye ncha kama mkuki. Baba amepiga pasi suruali, viatu vyake vinang'aa mpaka unaweza kujitazama. Saa hiyo hakuna anayeweza kusema huyu ni mkimbizi na yule ni mwenyeji. Sasa ibada ikiisha, tazameni tena. Wengine wanatembea kama wanakanyaga makaa. Wengine wamevua viatu, wamevishika mkononi. Ukimwuliza mtu atakujibu, "Ni kawaida tu, viatu bado vipya." Kumbe viatu hivyo ana mwaka wa tatu navyo, na ubavuni mwa mguu kuna kinundu kinachozidi kujitokeza.

Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayejua maumivu hayo ni mwenye mguu peke yake. Lakini wenye miguu ya namna hiyo ni wengi kuliko tunavyofikiri. Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi za nchi mbalimbali, uliotolewa mwaka 2010, ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana kinundu hicho, na kwa wazee waliopita miaka 65 ni zaidi ya mmoja kati ya watatu. Wanawake wanakipata zaidi kuliko wanaume.

Kupendeza si kiburi

Mara nyingi mtu akilalamika juu ya mguu anaambiwa neno moja tu: "Acha hivyo viatu." Ni rahisi kusema. Lakini mtu aliyevuka Rusizi na mfuko mmoja, aliyeacha nyumba, shamba na kabati la nguo Uvira ama Bukavu, kiatu kizuri kwake si mchezo. Ni kitu kinachomkumbusha kwamba yeye ni mtu, si namba kwenye karatasi ya kupokea chakula. Siku ya harusi ama ya ubatizo wa mtoto anataka kusimama kama watu wengine. Nani atamlaumu?

Na sisi tuliotoka Kongo tunajua mambo ya kuvaa. Vijana wa Sape, wa Kinshasa na Brazzaville, wamejulikana dunia nzima kwa suti zao na viatu vyao. Papa Wemba, aliyefariki Abidjan tarehe 24 Aprili 2016 baada ya kuanguka jukwaani, aliutangaza ustaarabu huo kila alipokwenda kuimba. Mwenye Sape hachanganyi zaidi ya rangi tatu, na kiatu chake hakipitwi na vumbi. Viatu vinavyosifiwa sana kwao ni J.M. Weston vya Ufaransa. Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui: kampuni hiyo inashona namba moja ya kiatu kwa mapana mbalimbali, juu ya kwamba miguu miwili yenye urefu mmoja inaweza kuwa na upana tofauti. Basi hata mabwana wa kupendeza wanapimwa upana. Kwa nini sisi tuuonee mguu?

Makala hii haiji kuwaambia mtupe viatu vizuri. Inakuja kusema: umbo la kiatu lije kwanza, urembo ufuate. Ukipata vyote viwili, mguu hautalia.

Hicho kinundu ni nini?

Mguu mmoja una mifupa 26. Nyuma ya kidole gumba kuna mfupa mrefu unaokishika. Kwa mtu mwenye shida hii, mfupa huo unasogea kidogo kidogo kwenda nje, na kidole gumba kinalala upande wa vidole vingine. Pale vinapokutana panatokea kona, na kona hiyo ndiyo tunayoiona kama nundu. Kwa Kifaransa watu wanaiita kwa jina la kitunguu, na kweli inafanana nacho. Kiatu kikisugua hapo kila siku, ngozi inakuwa nene na nyekundu, na chini yake kunakuwa na kifuko cha maji kinachovimba na kuuma.

Tuelewane vizuri hapa. Hilo si jipu, ndani hakuna usaha wa kutoa. Si ugonjwa wa kurushiwa na jirani. Usikubali mtu akuchanje kwa wembe ama akuchome kwa moto. Ukikata hapo utakuwa umejiletea kidonda juu ya mfupa, na kidonda cha hapo kinapona polepole sana.

Chanzo chake si kimoja. Kwanza ni ukoo. Kama bibi yako na mama yako walikuwa na mguu wa namna hiyo, na wewe unaweza kuwa nao. Kuna wenye unyayo bapa, na kuna wenye ugonjwa wa viungo. Lakini kiatu chembamba kinaharakisha mambo. Taloni ndefu inasukuma uzito wa mwili uende mbele, mguu unateleza ndani ya ncha nyembamba, na vidole vinabanwa kama abiria watano kwenye kiti cha nyuma cha teksi.

Hata wazungu wa zamani walilia

Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitoa habari za mifupa ya watu 177 waliozikwa katika mji huo karne nyingi zilizopita. Kati ya waliokufa karne ya 11 mpaka ya 13, watu 6 katika 100 walikuwa na kinundu. Kati ya waliokufa karne ya 14 na ya 15, walikuwa 27 katika 100. Ni kitu gani kilibadilika? Viatu. Karne ya 14 ilileta mtindo wa viatu vyenye ncha ndefu, na kila aliyetaka kuonekana alivivaa. Hata watawa hawakubaki nyuma, ingawa Kanisa lilikuwa limewakataza mapadri viatu vya ncha tangu mwaka 1215. Mwaka 1463 mfalme Edward wa Nne aliweka sheria kwamba ncha za viatu mjini London zisizidi inchi mbili, yaani sentimita 5 hivi.

Watafiti hao waliona jambo jingine la kusikitisha. Waliozeeka na kinundu mguuni walikuwa na mifupa mingi zaidi iliyovunjika kwa namna ya mtu aliyeanguka. Kidole gumba ndicho kinachotusaidia kusimama imara. Kikilala upande, mtu anayumba. Tufikiri juu ya mama anayeshuka mteremko wa matope na dumu la lita 20 kichwani, ndipo tutaelewa kwamba jambo hili si la urembo tu.

Na huko Hong Kong, mwaka 1958, madaktari walilinganisha watu waliovaa viatu na watu walioishi kwenye mashua bila viatu. Waliovaa viatu, 33 katika 100 walikuwa na kinundu. Wasiovaa hawakufika hata 2 katika 100.

Basi tutembee peku? Hapana, ndugu zangu. Peku kuna funza, kuna safura inayoingia kwa ngozi ya unyayo, kuna misumari na chupa zilizovunjika. Na katika nyanda za juu kama za Rwanda na Ethiopia, wanaotembea peku kwa miaka mingi juu ya udongo mwekundu wa volkano wanaweza kuvimba miguu kama matende. Kiatu tunakihitaji. Tunachokataa ni kiatu kinachobana.

Kipimo cha karatasi

Hiki ni kipimo kisicho na gharama, na familia nzima inaweza kukifanya jioni moja.

Chukua karatasi ya daftari iliyokwisha kutumika. Simama juu yake bila kiatu, kwa uzito wako wote, usikae kwenye kiti. Mtu mwingine apige mstari kuzunguka mguu kwa kalamu iliyosimama wima. Fanya kwa miguu yote miwili, juu ya kwamba mara nyingi mmoja ni mkubwa kidogo. Kata karatasi kufuata mstari. Sasa weka kiatu chako juu ya karatasi hiyo. Kama karatasi inatokeza nje kwa pande, hapo ndipo mguu wako unapominywa kila siku. Usibishane na karatasi, yenyewe haina upendeleo.

Karatasi hiyo itakusaidia pia kununua. Si kila mtu aliyeko kambini anaweza kufika Bujumbura. Mara nyingi tunamtuma jirani ama ndugu anayeishi mjini, tunamwambia "niletee 39," naye anakwenda soko la Ruvumera kule Buyenzi, anachagua kiatu kizuri cha mtumba, na kikifika kinabana. Tatizo ni kwamba namba hizi za 38, 39 na 40 zinahesabu urefu. Kila namba inaongeza theluthi mbili za sentimita kwa urefu, haikwambii habari za upana. Na ukichukua namba kubwa ili upate upana, kisigino kitacheza, mguu utateleza mbele, utarudi palepale. Mtumie jirani karatasi ya mguu wako mkubwa. Aiingize ndani ya kiatu: ikilala vizuri, anunue. Ikijikunja pembeni, arudishe kiatu mezani kwa mwenye duka.

Ukiwa sokoni mwenyewe

Nenda mchana ukielekea jioni. Miguu inavimba kidogo kwa kutembea, na kiatu kinachokutosha asubuhi kinaweza kukubana saa kumi.

Vaa vyote viwili, simama, tembea hatua ishirini. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Vidole vya mguu viweze kucheza ndani.

Ingiza mkono ndani ya kiatu, papasa. Mshono ama ua lililoshonwa likipita juu ya kinundu chako, kiache hata kama ni kizuri namna gani.

Ngozi laini inakubali kunyooka. Plastiki inayong'aa haikubali. Muuzaji akikuambia "kitalegea chenyewe," mwulize kwanza kimetengenezwa kwa nini.

Kama ni taloni, isizidi sentimita 5, na iwe nene. Vile viatu vyenye soli nene inayopanda polepole kutoka mbele mpaka nyuma vinakurefusha bila kukusukuma sana. Mkanda juu ya mguu ni rafiki, unazuia mguu usiteleze kwenda mbele. Ncha inayopendeza iko pia kwenye viatu vyenye mviringo ama vilivyokatwa mraba, si lazima mkuki.

Kwa akina baba na vijana ni vilevile. Vile viatu virefu vya ncha vya kuvalia suti navyo vinabana. Kama unavipenda, ncha iwe ni ile inayoendelea mbele baada ya vidole kwisha, si ile inayovifinya.

Fundi viatu ni daktari wa kwanza

Kabla ya kutupa kiatu, kipeleke kwa fundi. Kiatu cha ngozi anaweza kukipanua kwa kalibu ya mti, akaweka kitu kidogo pale penye kinundu ili papate kushuka. Anaweza kufungua mshono unaosugua na kuuhamisha. Anaweza kupunguza taloni, lakini kidogo tu, maana akikata sana kiatu kinapinduka nyuma. Na kama una sandali pana inayokukaa vizuri lakini ni ya kizamani, mwambie aifunike kwa kitambaa cha kitenge kilichobaki kwa fundi cherehani. Utakuwa na kiatu kinachofanana na nguo yako, ambacho hakuna mwingine anacho. Huo ndio urembo wenye akili.

Njia nyingine bibi zetu waliijua zamani: viatu viwili kwa safari moja. Tembea na raba ama kandambili pana, viatu vya sherehe viwe ndani ya mfuko. Fika mlangoni, pangusa miguu, badilisha. Picha ikipigwa, kwaya ikiimba, wewe unapendeza. Sherehe ikiisha, badilisha tena. Kiatu cha saa mbili hakiharibu mguu kama kiatu cha siku nzima, na chenyewe kitadumu. Lakini kandambili nazo si za kilomita kumi, hazishiki kisigino. Kwa njia ndefu raba ni bora.

Jioni nyumbani

Mguu ukiuma, uweke kwenye beseni la maji baridi dakika kumi mpaka kumi na tano, kisha uinue juu ya mto ama gunia. Kata kipande cha sponji, toboa tundu katikati kama mandazi yenye shimo, kiweke kuzunguka kinundu ili kiatu kisiguse pale juu. Kitambaa laini kilichokunjwa kati ya kidole gumba na cha pili kinapunguza msuguano. Dawa ya maumivu kama parasetamoli, fuata kipimo ulichopewa kwenye kituo cha afya.

Kuna na mazoezi. Tandaza kitambaa chini, ukikusanye kwa vidole vya mguu. Vuta kidole gumba polepole kirudi mahali pake, hesabu kumi, achia. Panua vidole kama unavyopanua vya mkono. Ni dakika tano tu, na watoto wanapenda kushindana.

Tuseme ukweli: mambo haya yanapunguza maumivu na kukusaidia kutembea, hayanyooshi mfupa uliokwisha kupinda. Akija mtu na kifaa cha plastiki anakuuzia kwa bei kubwa akisema kitanyoosha kidole kwa mwezi mmoja, baki na pesa zako. Kinachonyoosha ni upasuaji. Daktari anaukata mfupa, anaunyoosha, anaushika kwa skrubu ama waya. Baada ya hapo ni kama wiki sita za kutembea kwa kiatu maalumu, na uvimbe unaweza kukaa miezi. Madaktari wanafanya hivyo kwa mtu ambaye maumivu yanamzuia kuishi, hawafanyi kwa ajili ya sura ya mguu. Na wewe utajiuliza: katika wiki hizo nani atachota maji, nani atapanga mstari siku ya chakula? Mazungumzo hayo ni ya familia nzima, si ya mgonjwa peke yake.

Usingoje, nenda kituo cha afya kama:

Kidole gumba kimevimba ghafla, ni chekundu na cha moto, kinauma usiku mpaka shuka hutaki iguse. Hiyo inaweza kuwa jongo, na ina dawa zake.

Kuna kidonda kisichopona, usaha ama homa.

Una ugonjwa wa sukari, ama miguu imekufa ganzi. Mtu wa sukari anaweza kuchubuka bila kusikia, na jeraha dogo la kiatu likamfanya apoteze mguu. Yeye atazame miguu yake kila siku, na asijitibu mwenyewe.

Na akina mama wajawazito, msishangae viatu vya zamani vikikataa. Ujauzito unaweza kuuvimbisha mguu na hata kuurefusha, na wengine haurudi tena kama ulivyokuwa.

Neno kwa ajili ya watoto

Mimi kama mwalimu ninaona darasani: mtoto anakaa amekunja vidole, ama anavua kiatu mara tu anapofika kwenye benchi. Kiatu alirithi kwa kaka yake, ama kilikuja na msaada, na msaada haupimi mguu wa mtu. Mifupa ya mtoto bado ni laini, inafuata inakolazwa. Na mtoto mdogo hasemi, juu ya kwamba anaogopa kiatu kitachukuliwa apewe mwingine, yeye abaki bila. Mpimeni kwa karatasi kila baada ya miezi mitatu. Kikiwa kidogo, badilishaneni na majirani, kila nyumba ina mtoto aliyekua. Sandali iliyo wazi mbele ni bora kuliko kiatu cheusi cha kung'aa kinachombana. Dada zetu wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne, wanaoanza kuomba taloni, msiwakatalie kwa ukali tu. Wapeni karatasi na kalamu, wajionee wenyewe mguu wao na kile kiatu havilingani.

Basi kazi ya mwezi huu ni hiyo: kila nyumba, jioni moja, karatasi na kalamu, kuanzia bibi mpaka mtoto wa mwisho. Andikeni jina juu ya kila mguu wa karatasi, muutunze ndani ya daftari. Siku pesa kidogo ikipatikana, ama mtu akienda mjini, mtajua la kumwambia. Miguu hii imetubeba kutoka mbali, na safari bado ipo. Tuivishe vizuri.

Tukutane toleo lijalo.